Shule inataka kumkalisha mwanangu na mbwa aliyeokolewa. Nitie saini?

SWALI: Assalaam aleykum daktari. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, mwaka wa nne sasa naishi Minnesota na wanangu. Wa kiume ana miaka 8. Akiwa peke yake anasoma vizuri, lakini akiambiwa asome kwa sauti darasani anashikwa na kigugumizi na wenzake wanamcheka. Juzi kaja na fomu: shule italeta mbwa, na watoto wanaosita kusoma watakaa naye mmoja mmoja wamsomee kwa dakika 20. Fomu inasema mbwa mwenyewe ni pitibuli (pit bull kwa Kiingereza), aliokolewa kwa watu waliokuwa wakipiganisha mbwa. Mimi niliumwa na mbwa nikiwa darasa la tatu, nikachomwa sindano za tumboni, na mpaka leo nikiona mbwa navuka barabara. Tena sisi ni Waislamu. Hawa watu wana akili timamu kweli? Nitie saini?

JIBU: Waaleykum salaam, dada yangu.

Akili wanazo. La kuuliza ni utaratibu, kwa hiyo iweke fomu juu ya kabati mpaka umalize kusoma. Mimi ni daktari wa mifugo, nilisomea Morogoro, na kwa miaka kadhaa huku Marekani nimekuwa mmoja wa wale wanaowapima mbwa kabla hawajaruhusiwa kuingia shuleni na hospitalini. Nimewapitisha wengi na nimewakataa wengi zaidi, na waliookolewa walikuwemo kwenye mafungu yote mawili.

Hofu yako siifanyii mzaha. Kwetu mbwa anayekujia mbio njiani si mnyama wa kuchezea. Tanzania peke yake inakadiriwa kupoteza watu 1,500 hivi kila mwaka kwa kichaa cha mbwa, na dunia nzima 59,000. Karibu wote huambukizwa na mbwa, na katika kila watu 10 wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, 4 ni watoto walio chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, hakuna hospitali itakayomrudisha mtu. Kwa hiyo mzazi wako aliyekukimbiza kwenye sindano alifanya la maana. Zile za tumboni zilikuwa chanjo ya zamani, iliyotengenezwa kwa ubongo wa wanyama, na zilichomwa nyingi mfululizo. Siku hizi ni chache tu, tena mkononi. (Ukirudi Tanga likizo mtoto aking'atwa, kabla ya kukimbilia hospitali oshea jeraha maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 nzima, saa mkononi. Watu wengi hulifunga kitambaa wakaondoka.)

Huko uliko, hata hivyo, kichaa kinachosambazwa na mbwa wenyewe kwa wenyewe kilitangazwa kuwa kimetokomezwa mwaka 2007. Kilichobaki kinatembea kwa popo, rakuni na wanyama wengine wa porini, na mbwa wa kazi hii hana ruhusa ya kuvuka mlango wa shule bila cheti cha chanjo. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, ni kweli. Kazi yetu leo ni kujua huyu aliyeletwa shuleni ni nyoka au ni ung'ongo.

Mbwa wa aina hii kwa Kiswahili hana jina lililozoeleka, nami nimezoea kumwita mbwa wa faraja. Usimchanganye na mbwa anayemwongoza kipofu. Yule ana mtu mmoja, amefunzwa kazi maalumu, na sheria ya Marekani inamruhusu kuingia karibu kila mahali. Mbwa wa faraja hana haki hiyo. Anaingia pale alipoalikwa, pamoja na mtu anayeishi naye, na kazi yake kubwa ni kukaa na kukubali kuwa karibu na wageni. Ukisikia hivyo utadhani ni kazi nyepesi. Mbwa wengi hawaiwezi, wakiwemo mbwa wazuri sana wa nyumbani.

Jambo hili lilianza kusemwa kitaalamu miaka ya mwanzo ya 1960 na mwanasaikolojia wa New York, Boris Levinson. Mtoto mmoja aliyekuwa amejifungia ndani ya nafsi yake aliletwa nyumbani kwake kabla ya saa waliyopatana, na mbwa wa Levinson, jina lake Jingles, akawa bado hajatolewa chumbani. Mbwa akamwendea mtoto, mtoto akaanza kumshikashika. Levinson akaandika makala mwaka 1962 akimwita mbwa msaidizi wake katika tiba, na baadhi ya wenzake wakamcheka. Ule mpango wa watoto kumsomea mbwa kitabu ulizaliwa Salt Lake City mwaka 1999, ndani ya shirika la Intermountain Therapy Animals, na kutoka hapo umeenea maktaba na shule za nchi nyingi.

Sasa tuje kwenye neno lililokukosesha usingizi, yaani kupiganisha.

Kabla ya mwaka 2007, mbwa aliyekamatwa kwa wapiganishaji alikuwa na safari moja tu: anashikwa kama ushahidi, kesi ikiisha anadungwa sindano ya kufa. Hata mashirika makubwa ya kutetea wanyama yaliona hivyo ndivyo ipasavyo. Aprili 2007 polisi wakaingia katika shamba moja kwenye kaunti ya Surry, Virginia, mali ya Michael Vick, nyota wa mpira wa Kimarekani wa timu ya Atlanta Falcons. Wakakuta pitibuli 51. Vick alihukumiwa kifungo cha miezi 23, lakini kilichobadilisha mambo kwa mbwa ni kwamba alitakiwa pia kulipa karibu dola 928,000 za kuwatunza. Kwa mara ya kwanza mbwa wa namna hiyo walikuwa na fedha zao na mtu wa kuwasimamia: mahakama ilimteua profesa wa sheria, Rebecca Huss, aamue kila mmoja aende wapi. Wataalamu wa ASPCA, shirika la Marekani la kupinga ukatili kwa wanyama, na wenzao wakawapima 49 kati yao, mmoja baada ya mmoja. Unadhani wangapi walionekana ni wakali kiasi cha kuuawa? Mmoja. Mwingine aliuawa kwa sababu ya maradhi. Waliobaki, 47, wakagawiwa kwa vikundi vya uokoaji.

Walichokikuta wapimaji wengi hakikuwa ukali. Kilikuwa woga. Walikuwepo mbwa waliojibandika sakafuni, miguu imetawanyika, tumbo chini, hawainuki hata ukiwawekea nyama puani. Waokoaji waliwafananisha na chapati ya maji. Mbwa hujifunza dunia kati ya wiki ya 3 na ya 14 ya maisha yake. Asichokiona katika kipindi hicho, iwe ngazi, redio, mtoto au mwavuli, kinaweza kumtisha maisha yake yote. Na hawa walikuwa wamefungwa minyororo vichakani.

Halafu wapo waliotushangaza sote tulio kwenye kazi hii. Jonny Justice alichukuliwa na familia ya San Francisco, na baada ya muda akawa anakaa na watoto wanaomsomea vitabu. Mwaka 2014 ASPCA ikamchagua mbwa wa mwaka. Mwingine, jina lake Leo, alipata mtunzaji California akawa akitembelea wagonjwa wa saratani. Na Hector, aliyekuwa na makovu kifuani yanayoonekana kwa mbali, alikuja kuishi huko huko kwenu Minnesota akasajiliwa kuwa mbwa wa faraja. Kwa hiyo walimu wa mwanao hawajabuni jambo jipya.

Lakini hadithi hii hupenda kusimuliwa nusu, na mimi sipendi nusu hiyo. Katika wale 47, 22 walipelekwa kwenye makao ya shirika la uokoaji la Best Friends huko Kanab, Utah, kwa sababu walihitaji kazi ndefu zaidi. Wawili kati yao mahakama iliamuru wasitoke kamwe: Lucas, aliyekuwa bingwa wa ulingo, na Meryl, ambaye hakuwaamini wageni. Wengine walipata nyumba baada ya miaka. Waliofikia kukaa na watoto walikuwa wachache, na waliteuliwa. Mtu akikuambia "mbwa aliyeteswa anajua uchungu, ndiyo maana anawaelewa watoto," mwitikie kwa adabu na usimwamini. Mateso hayampi mbwa hekima. Mbwa wa kufaa amefaa licha ya aliyoyapitia.

Na kwa nini mbwa wa kupiganishwa aweze kumpenda mtu? Kwa sababu ukali kwa mbwa wenzake na ukali kwa binadamu ni vitu viwili. Wapiganishaji wenyewe huingia ulingoni kuwaachanisha mbwa kwa mikono, na mbwa aliyemgeukia mtu hawakumtaka. Kuhusu jina pitibuli, nalo lisikutishe kupita kiasi. Si aina moja ya mbwa bali ni kapu la aina kadhaa na machotara wao. Mwaka 2022 watafiti walitoa katika jarida la Science matokeo ya mbwa zaidi ya 18,000, wakaona kwamba aina ya mbwa inaeleza kama asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa na mbwa. Nikimwona pitibuli mlangoni simpitishi wala simkatai kwa sura. Ila nalikumbuka taya lake, kwa sababu mbwa mwenye nguvu akikosea hukosea vikubwa.

Tunawapimaje? Nikueleze jambo moja tu, maana hilo ndilo linalobeba mengine. Ninadondosha sufuria. Ni ya bati, ina mfuniko, inapiga kelele ya kuamsha mtaa, na naidondosha nyuma ya mbwa, hatua nne hivi. Watu wanaotazama hudhani mbwa mzuri ni yule asiyeshtuka. Hapana. Asiyeshtuka kabisa ananitia shaka: ama hasikii, ama amejizima. Mbwa yeyote mzima ataruka. Ninachohesabu ni sekunde za kurudi. Mmoja anaruka, anageuka, anainusa sufuria, anamtazama mwenye mbwa kama anayemuuliza "umesikia hiyo?", halafu mkia unaanza kupepea. Sekunde tatu, nne. Huyo tunaendelea naye. Mwingine anaruka, anakimbilia nyuma ya miguu ya mwenyewe, na dakika mbili baadaye bado anaitazama ile sufuria. Huyo namrudisha nyumbani, hata kama ndiye mbwa mpole kuliko wote waliokuja siku hiyo, hata kama mwenyewe analia. Mengine ni ya nyongeza: mtu mwenye magongo anapita, watu watatu wanamshika kwa pamoja bila ustadi, mmoja anapiga kelele, mwingine anamkumbatia vibaya.

Na nimewahi kukosea. Miaka ya nyuma nilimpitisha jike mmoja chotara wa rangi ya kahawia, aliyeokotwa kando ya barabara kuu akiwa mifupa mitupu. Ukumbini alikuwa maji mtungini. Sufuria, magongo, makelele, yote aliyapita. Wiki ya tatu nikaenda kumtazama akiwa kazini katika shule moja. Kengele ya mapumziko ikalia, mlango ukafunguliwa, na watoto kama 20 wakamzingira. Mwenye mbwa akanitabasamia: "Tazama alivyotulia!"

Nikatazama. Mdomo ulikuwa umefumbwa kabisa. Mkia haukupepea wala haukulegea, umekakamaa kama umetiwa gundi. Uso kaugeuzia ukutani, lakini macho yamebaki kwa watoto, mpaka weupe wa jicho ukaonekana pembeni kama hilali. Akajilamba pua. Akajilamba tena. Nikafumbua mdomo kusema "mtoe," na papo hapo mvulana mmoja akamkumbatia shingoni. Mbwa akatafuna hewa, kacha!, inchi mbili kutoka sikio la mtoto.

Hakumgusa. Mvulana hata hakuelewa kilichotokea, akacheka. Mimi miguu ilinilegea nikaketi kwenye kiti cha chekechea. Yule mbwa alikuwa ameshasema "basi" kwa njia nne, tena kwa adabu, na watu wazima wawili tuliokuwa pale, mmoja wetu daktari, tukaita ule ukakamavu utulivu. Nilikuwa nimempima kwenye chumba chenye watu sita nikamtilia saini ya kuingia shule yenye mamia. Siku hizi analala kwenye kochi la mwenyewe na hana kazi nyingine, na mimi sipitishi mbwa wa shule kabla sijamwona kwenye korido wakati wa kengele.

Kwa hiyo, dada, ukiniuliza jambo la kuliangalia kuliko yote, sitakuambia historia ya mbwa. Nitakuambia mtu aliyeshika kamba. Mbwa anayesema "nimechoka" hana hatari kubwa ikiwa aliye naye anaelewa na ana haki ya kumtoa pale pale, hata mwalimu mkuu na mpiga picha wa gazeti wakiwa wamesimama wanasubiri. Hatari ni mtu anayempenda sana mbwa wake na kumwonea fahari kiasi kwamba haoni tena. Nimewakuta wengi wa namna hiyo, hasa kwa mbwa waliookolewa, kwa sababu hadithi ya mbwa imekuwa hadithi yao. Wanataka mbwa athibitishe jambo. Mtoto wako asiwe ndiye kithibitisho.

Omba umwone mbwa kabla ya kutia saini, tena siku ya shule, si Jumamosi jengo likiwa tupu. Huhitaji kumkaribia. Simama ng'ambo ya chumba, maana macho unayo, na aliyewahi kuumwa huwa ana macho makali kuliko wapenda mbwa. Mtazame mdomo: ukiwa wazi na ulimi umelegea, vizuri. Mtazame anavyoegemea: mbwa anayeipenda kazi anamwendea mtoto mwenyewe, hasukumwi. Kisha muulize mwenye mbwa swali hili, "Umejuaje kwamba leo amechoka?" Akianza kukuhesabia, mara masikio hivi, mara anapiga miayo, mara anahamia upande wangu wa kushoto, umepata mtu. Akikuambia "Huyu hachoki kamwe," chukua fomu yako uende nyumbani.

Ulizia pia amesajiliwa na shirika gani. Pet Partners, kwa mfano, wanataka mbwa awe ametimiza mwaka mmoja na ameishi na mwenyewe angalau miezi 6, wanampima upya kila baada ya miaka 2, na hawaruhusu zaidi ya saa 2 za kazi kwa siku. Tena wana bima. Hawamkubali mbwa mwenye historia ya ukali au ya kumjeruhi mtu vibaya. Kama shule inasema tu kwamba ni mbwa wa mwalimu fulani na ni mpole sana, hapo hakuna utaratibu, kuna ujirani.

Je, inamsaidia mtoto kusoma? Hapa nitakuwa mbahili wa ahadi. Mwaka 1983 Erika Friedmann na wenzake waliwapima watoto 38 shinikizo la damu wakiwa wamepumzika na wakisoma kwa sauti, wakaona linakuwa chini mbwa akiwepo chumbani. Mwaka 2016 watafiti wengine walikusanya tafiti 48 kuhusu watoto wanaowasomea mbwa: matokeo mengi yalielekea kwenye heri, lakini utafiti wenyewe mwingi ulikuwa dhaifu, vikundi vidogo, bila watoto wa kulinganisha nao. Mimi naona sababu ni ya kawaida kabisa. Mbwa hasahihishi. Hatazami saa. Mtoto akikwama kwenye neno moja mara sita, mbwa yupo tu, anahema. Kwa mtoto anayechekwa hiyo si zawadi ndogo.

Kigugumizi, hata hivyo, mbwa hakitibu. Na kabla ya kukiita kigugumizi, muone mtaalamu wa matamshi, kwa sababu mtoto anayesoma vizuri peke yake na kukwama mbele ya watu anaweza kuwa na aibu tu, au ndiyo kwanza Kiingereza kinamkaa mdomoni. Huku Marekani sheria ya elimu inazitaka shule za umma zimpime bure mtoto mwenye shida ya namna hiyo, na akionekana anahitaji, zimpatie huduma bure. Andika ombi lako kwa maandishi, weka tarehe, baki na nakala. Wazazi wetu wengi ughaibuni hulisema kwa mdomo kwenye kikao, likaishia hapo. Nisingependa shule ikupe mbwa badala ya mtaalamu.

Usafi nao una mambo yake. Mwaka 2018 watafiti wa chuo kikuu cha Johns Hopkins waliwafuatilia watoto wenye saratani waliotembelewa na mbwa hospitalini, wakakuta waliomkumbatia zaidi ndio walioondoka zaidi na bakteria sugu waitwao MRSA. Mbwa walipoogeshwa kwa dawa ya kuua vijidudu kabla ya kazi, na kupanguswa kwa vitambaa vyenye dawa hiyo katikati ya kazi, tofauti ikapungua sana. Darasani watoto ni wazima na hatari ni ndogo, lakini mikono ioshwe kabla na baada, na mbwa asiwe anakula nyama mbichi. Pet Partners wamekataza mlo huo kwa sababu ya vijidudu. Kama mwanao ana pumu au mzio, waambie mapema.

Na hili la dini. Mimi si shekhe, nakueleza nilivyofundishwa nikiwa mdogo, nawe ukamuulize imamu wako. Kwa madhehebu ya Shafi tuliyokulia pwani, mbwa ni najisi, na akikugusa akiwa na unyevu, mate au manyoya mabichi, huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Akiwa mkavu nawe mkavu, najisi haihami. Na najisi huoshwa, haivunji udhu. Wamaliki wao wanamhesabu mbwa kuwa ni twahara, yaani si najisi. Nalisema hili kwa sababu walimu wakisikia "sisi ni Waislamu" hudhani mlango umefungwa, na wazazi wetu nao hudhani ni lazima wachague kati ya dini na mpango wa shule. Nimeona shule ikitandika mikeka miwili, mtoto kwenye wake na mbwa kwenye wake, nafasi ya mita moja na nusu katikati. Mtoto anasoma, mbwa analala, hakuna anayemgusa mwenzake, na mbwa mwenyewe, nikuambie siri, mara nyingi anapendelea hivyo. Andika kwenye fomu: "Asome, asiguse." Wana wajibu wa kuliheshimu. Kuwanywesha mbwa wenye kiu tumefundishwa kuna thawabu, kwa hiyo hakuna sababu ya kumfundisha mtoto chuki. Adabu inatosha.

Limebaki la mtoto mwenyewe, ambaye katika barua yako yote hukuniambia anasemaje. Umemuuliza? Muulize siku ambayo hujamwonyesha uso wa hofu, kwani watoto hunusa hofu yetu haraka kuliko mbwa. Akisema hataki, basi hataki, na asiambiwe "wenzako wote wanaenda." Mtoto anayelazimishwa kukaa na mbwa anakakamaa, mbwa anausoma ule ukakamavu, na tunakuwa na viumbe wawili chumbani wanaotaka kutoka. Akisema anataka, mfundishe mambo matatu kabla ya siku yenyewe: asimkumbatie mbwa, asimsogezee uso, na mbwa akigeuza kichwa aachwe. Mara ya kwanza iwe dakika 5. Dakika 20 ni nyingi kwa wote wawili.

Na kama huko nyumbani kuna kitabu cha hadithi cha Kiswahili, mtie nacho kwenye begi. Mwalimu akiuliza, mwambie mbwa hajali lugha. Mwanao amekuwa akichekwa kwa Kiingereza. Acha mara moja asome kwa sauti lugha ambayo ulimi wake haujawahi kuionea haya, mbele ya msikilizaji asiyejua hata neno moja, halafu uniandikie alikwama mara ngapi. Jibu hilo likusaidie pia ukienda kumwona mtaalamu wa matamshi.